MAZUNGUMZO YA MAFUNDI: SPRINGI ZA VALVU KATIKA DIZELI YENYE TURBO

Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja katika mkutano wa mafundi na madereva wa tawi letu. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa safarini siku hiyo.



Nimeombwa niseme juu ya springi za valvu. Najua wengine wenu mnaona ni jambo dogo, maana springi moja yatosha kiganjani na bei yake ni ndogo kuliko bei ya tairi kuukuu. Lakini ninyi mnaoteremka Mai Mahiu na mzigo mzito mgongoni mnaitegemea springi hiyo bila kuiona, na sisi tunaoitia twaibeba roho ya dereva mkononi bila kujua.

Lililonileta mbele yenu ni neno ambalo nimelisikia katika gereji nyingi: "Gari lina turbo, basi tia springi kali." Mwenye gari husema hivyo, muuza vipuri husema hivyo, na sisi mafundi twaitikia. Hakuna anayeuliza kali kiasi gani, wala kali kwa sababu gani. Tairi huulizwa upepo wake, betri huulizwa volti zake, lakini springi hubonyezwa kwa kidole gumba na kusifiwa.

Kwanza tukumbuke kazi ya springi. Kamu huisukuma tapeti, tapeti huisukuma pushrodi, pushrodi huinua roka, na roka huishusha valvu. Huko ni kufungua, na kazi yote ya kufungua hufanywa na kamu. Springi haifungui chochote. Kazi yake ni mbili tu: kuirudisha valvu juu ikiifuata kamu bila kuachana nayo, na kuishikilia kwenye kiti chake wakati imefungwa. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,200, yaani mara 20 katika kila sekunde moja. Hesabuni kutoka Mombasa mpaka Malaba ni mara ngapi.

Sasa springi ina maadui wawili, na kosa letu kubwa ni kuwachanganya.

Adui wa kwanza ni mwendo. Valvu ni chuma na chuma kina uzito. Kikirushwa hakitaki kurudi upesi. Injini ikizidi kasi, springi hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati, nayo valvu hubaki hewani huku kamu imekwisha pita. Twasema valvu inaelea. Katika injini ya petroli kuelea huku mara nyingi ni kelele na kupotea kwa nguvu. Katika dizeli ni msiba, kwa maana dizeli huwaka kwa kukandamizwa hewa sana, na pistoni ikifika juu hukaribia valvu kwa unene wa kadibodi tu. Valvu iliyochelewa hukutana na pistoni. Na jueni hili: nguvu inayotakiwa kuirudisha valvu haikui sawasawa na mwendo. Hukua kwa mwendo mara mwendo. Ukitoka mizunguko 2,400 ukafika 3,000, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu inayotakiwa imezidi mara moja na nusu.

Adui wa pili ni mkandamizo wa hewa na moshi mgongoni mwa valvu. Huyu ndiye anayetajwa watu wanaposema turbo.

Turbo yenyewe si kitu kigeni. Mswisi Alfred Büchi aliiandikisha fikira yake mwaka 1905, na kwa nchi ya milima kama yetu ina faida mbili, kwa sababu hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa na ya Timboroa ni nyepesi zaidi. Injini isiyo na turbo huchoka huko juu. Ile yenye turbo hupigwa pepo ikavuta. Lakini pepo ile ile inayojaza silinda huisukuma pia valvu ya kuingizia hewa kutoka nyuma, ikitaka kuifungua.

Hapa ndipo watu hufanya hesabu. Pima upana wa kichwa cha valvu, zidisha upana kwa upana, kisha zidisha kwa 0.7854, utapata eneo lake kwa inchi mraba. Tuseme valvu ina upana wa inchi 1½. Eneo lake ni inchi mraba 1.77. Upepo wa turbo ukiwa ratili 30 kwa kila inchi mraba, au paundi 30 kama tunavyosema gereji, valvu yasukumwa kwa ratili 53. Kama springi yenyewe inashika kwa ratili 70 valvu ikiwa imefungwa, zimebaki 17. Mtu akiona hesabu hiyo hukimbilia springi ya ratili 120.

Hesabu si ya uongo, ila ni nusu ya mambo. Imesahau kwamba upande wa pili wa valvu, ndani ya silinda, pia mna mkandamizo. Valvu ya hewa inapofunga, silinda imekwisha jaa pepo ile ile ya turbo, kwa hiyo mbele na nyuma zakaribia kulingana. Mara pistoni yapanda ikikandamiza, na sasa ni silinda yenyewe inayoibana valvu kitini kwa nguvu ambayo springi yoyote haiwezi kuifikia. Moto ukiwaka hubanwa zaidi. Wakati wa kutoa moshi, silinda bado ina mkandamizo wa moshi. Basi zile ratili 53 hazipati nafasi ya kufanya kazi peke yake. Springi ya valvu ya hewa yahitaji ziada kidogo kwa ajili ya turbo, hasa ili valvu isidunde kitini inapofunga, lakini haihitaji ziada ya ratili 50.

Mambo ni mengine kabisa katika valvu ya moshi, na hapa nawaomba msikilize vizuri, madereva pia.

Moshi ukitoka silinda hauna njia ila kupita kwenye gurudumu la turbo. Gurudumu lile lauzuia, kwa hivyo moshi hujazana katika manifoldi. Sasa silinda nambari moja inapovuta hewa, jirani yake anatoa moshi kwa kishindo katika manifoldi ile ile, na kishindo hicho hugonga mgongo wa valvu ya moshi ya nambari moja iliyofungwa. Ndani ya silinda mna pepo ya turbo ikisaidia kuizuia. Ikiwa turbo ni ya kimo cha injini, pepo na moshi hazipitani sana, na springi ya kiwanda yatosha. Lakini ikiwa turbo ni ndogo, au pampu ya dizeli imefunguliwa zaidi ya haki yake, moshi waweza kufika ratili 60 hali pepo ni 30. Tofauti ni 30. Zidisha kwa eneo letu la 1.77, utapata ratili 53, na safari hii ni 53 za kweli zinazoivuta valvu kutoka kitini.

Kwa hiyo fundi anayetazama geji ya pepo peke yake hajajua kitu. Geji ziwe mbili, moja ya pepo na moja ya moshi katika manifoldi kabla ya turbo. Ile ya pili huunganishwa kwa kipande kirefu cha bomba la chuma ili joto lisiichome. Tofauti ya geji hizo mbili ndiyo inayotwambia kama springi inahitajika, au kama dawa ni kurudisha pampu mahali pake.

Sasa nafika kwenye breki ya ekzosi. Malori mengi yanayopita nyanda za juu yanayo, na dereva mzoefu huithamini kuliko breki za magurudumu, maana haichomi breki. Ni kifuniko kinachofunga njia ya moshi. Dereva akiachia mafuta na kuiwasha, injini yageuka pampu inayosukuma hewa dhidi ya mlango uliofungwa, na gari hushikwa. Lakini angalieni kinachotokea katika valvu. Mafuta yamekatwa, turbo imelala, hakuna pepo ndani ya silinda ya kusaidia. Nyuma ya valvu ya moshi mna mkandamizo wote wa breki. Ukiwa ratili 45 kwa inchi mraba, valvu yetu ya inchi 1½ huvutwa kwa ratili 80. Ukiwa 60, huvutwa kwa ratili 106. Springi ya ratili 70 imeshindwa zamani. Valvu huinuka, hupigwa tena kitini, huinuka tena, kwa kila mzunguko, mteremko mzima.

Na geji haisemi yote. Sindano huonyesha wastani, lakini moshi huja kwa vishindo, na kilele cha kishindo hupita wastani. Ndiyo sababu kiwanda hutaja kikomo cha mkandamizo kwa kila injini, na breki nyingi zina tundu dogo katika kifuniko la kupunguza mkandamizo usipite kikomo hicho. Tundu lile halikutobolewa kwa bahati mbaya. Nimeona kwa macho yangu gari lililoletwa na tundu limezibwa kwa kuchomelewa, kwa sababu mwenye gari aliona breki haishiki vya kutosha. Ilishika kweli. Miezi michache baadaye kiti cha valvu ya moshi kilikuwa kimepigwa hadi kimezama, na springi mbili zilikuwa zimekatika katikati. Dereva aliambiwa ameua injini kwa mwendo wa kasi.

Ndugu zangu, fikirini springi ikikatika kabisa mtelemkoni. Valvu huanguka ndani ya silinda, pistoni huipiga, kichwa chake hukatika. Injini ikikwama, breki ya ekzosi imekwenda, pampu ya upepo wa breki imesimama, usukani umekuwa mzito kama jiwe, na chini kuna matatu na watu wanaouza viazi kando ya barabara. Mambo ya namna hii hayakuanza kwetu. Clessie Cummins mwenyewe, yule Mmarekani aliyejenga injini zenye jina lake, mwaka 1931 aliponea chupuchupu katika mteremko wa Cajon Pass, California, breki za lori lake ziliposhindwa na mbele yake gari moshi linapita. Jambo hilo halikumtoka moyoni mpaka akaitengeneza breki ya injini, ambayo kampuni ya Jacobs ilianza kuiuza mwaka 1961. Hiyo ni ya namna nyingine, maana hufungua valvu ya moshi makusudi pistoni ikiwa juu, lakini naitaja ili mjue kwamba mtu mwenye ujuzi wote huo aliuogopa mteremko.

Basi mtasema, kama ni hivyo tia springi kali tumalize. Hapana. Kila ratili unayoiongeza kuna anayeilipa, naye ni kamshafti.

Chukueni springi inayoshika ratili 80 valvu ikiwa imefungwa, na ambayo kila inchi ya kubonyezwa huongeza ratili 300. Valvu ikifunguka inchi 0.400, springi imeongeza 120, sasa ni ratili 200. Roka ina mkono mrefu upande wa valvu na mfupi upande wa pushrodi. Uwiano ukiwa moja na nusu, pua ya kamu yabeba ratili 300. Hizo ni springi za kadiri. Ukitia kali zaidi, pua ya kamu na uso wa tapeti hulana. Kwanza utaona vumbi la chuma katika oili, kisha utasikia kugonga hata ukirekebisha nafasi ya valvu, kisha valvu haifunguki sawasawa na injini yakosa nguvu.

Mfano mzuri ni injini ya Cummins ya lita 5.9 yenye valvu 12, iliyotiwa katika pikapu za Dodge Ram huko Marekani kuanzia 1989 hadi 1998. Gavana wake, na sisemi yule wa kaunti, ulikata mafuta injini ikifika karibu mizunguko 2,500. Vijana wa huko hubadili springi za gavana ili injini ipande 3,000 na zaidi, na wenye akili kati yao hubadili na springi za valvu wakati huo huo, kwa sababu ile hesabu ya mwendo mara mwendo niliyowaambia. Hapo springi kali ina haki yake. Lakini injini ile hutumia tapeti bapa, hazina magurudumu. Zina kichwa kipana kama uyoga, hazivutwi kutoka juu. Zikiliwa, kazi ni kufungua mbele ya injini, kutoa kamshafti, na kuzitoa tapeti kwa taabu kubwa. Mwenye kutia springi ya ratili nyingi katika injini ambayo haitapita 2,500 kamwe amejinunulia kazi hiyo bure. Lori la mizigo Kenya lina sababu gani ya kwenda 3,000?

Kwa hiyo kabla ya kununua jiulizeni: injini hii itazunguka kasi gani ya mwisho, na wakati wa kuteremka pia, maana mteremko waweza kuizungusha kupita gavana? Tofauti ya moshi na pepo ni ratili ngapi? Ina breki ya ekzosi, na kikomo chake ni kipi? Ukipata majibu, chagua springi ambayo nguvu yake ya kufunga yapita msukumo wa moshi kwa ziada ya kiasi, kisha simama hapo. Na pengine jibu litakuwa valvu za moshi peke yake zibadilishwe, za hewa ziachwe na springi zake. Hilo linaruhusiwa, ingawa muuza vipuri hatalipenda.

Kuna desturi nyingine ya kutia shimu chini ya springi kuukuu ili iwe kali. Shimu ya inchi 0.060 chini ya springi ya ratili 300 kwa inchi huongeza ratili 18, na mara nyingine zatosha. Lakini springi imepunguzwa nafasi. Pima kwanza: ibonyeze mpaka mizunguko ya waya igusane, pima urefu huo, kisha ulinganishe na urefu wake valvu ikiwa imefunguka mwisho. Zibaki inchi 0.060 walau. Zikipungua, siku moja waya utagusana na waya injini ikizunguka, na pushrodi itapinda kama mshumaa juani. Springi iliyochoka kwa joto, hata ukiitia shimu, itaendelea kuchoka.

Mtaniuliza, tutapima kwa nini na gereji yetu haina mizani ya springi? Ipo njia. Tia mizani ya kupimia uzito wa watu chini ya mashine ya kutobolea, weka springi juu yake, ishushe kwa mkono wa mashine mpaka ifike urefu wake wa kukaa katika hedi, usome. Ukishindwa hata hiyo, chukua springi mpya ya kiwanda na ile kuukuu, zipange kitako kwa kitako na kibati katikati, uzibane katika jiliwa. Ile iliyojikunja zaidi ndiyo dhaifu. Kisha isimamishe springi kando ya guni uone kama imeinama, na iangalie penye kutu, kwa sababu springi huanza kukatika penye kidoa cha kutu.

Wakati wa kuzibadili bila kutoa hedi, zungusha injini mpaka pistoni ya silinda hiyo ifike juu kabisa, ili valvu isipotee ndani. Vaa miwani. Kota, vile vichuma viwili vinavyoshika mkia wa valvu, huruka kama risasi kibanio kikiteleza, na jicho halina kipuri. Ukimaliza weka nafasi za valvu kwa kipimo cha kiwanda. Kwa Cummins ile niliyotaja ni inchi 0.010 upande wa hewa na 0.020 upande wa moshi, injini ikiwa baridi. Injini yako ina vipimo vyake, usichukue hivi.

Neno langu la mwisho ni la kadi ya kazi. Tunaandika "springi zimebadilishwa" na kutia sahihi. Haitoshi. Andikeni ratili za springi mliyoitoa na mliyoitia, mkandamizo wa breki ya ekzosi mliousoma kwa geji, na kama tundu la breki liko wazi. Mwenye gari akiamuru tundu lizibwe au pampu ifunguliwe, andikeni kwamba ameamuru, na mwambieni dereva kwa mdomo kabla hajatoka getini. Injini ikifa njiani, watu wawili huulizwa, fundi na dereva, na mara nyingi hukatwa mshahara kabla hedi haijafunguliwa. Kadi yenye hesabu husema kabla yenu.

Bwana Mwenyekiti, nimekuja na springi nne, mbili mpya na mbili zilizotoka katika lori la breki iliyozibwa. Ziko mezani pamoja na jiliwa. Anayetaka aje azibane mwenyewe, halafu tuingie kwenye maswali.